Jikoni ndipo hela ya matumizi inapoeleweka

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, mume na mke wapike pamoja, au jiko liachiwe mmoja?" Mimi nasema wapike pamoja, na sababu yangu kubwa si mahaba, ingawa nayo yamo. Ni hela ya matumizi.

Huku kwetu Ujiji ugomvi mwingi wa ndani unaanzia hapo. Baba anaacha hela asubuhi, jioni anauliza imekwenda wapi. Hajui kwamba mwezi ukiwa mpevu dagaa wanaadimika, maana wavuvi wetu wa Ziwa Tanganyika huwavuta kwa taa usiku, na taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Hela iliyotosha juzi leo haitoshi, na mama anaonekana mwizi ndani ya nyumba yake. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, kwetu hapakuwa na maswali. Mume wangu, Baba Asha, mwenyewe ndiye aliyekuwa akienda sokoni na kurudi na maharage.

Tunapika hivi. Yeye anakaa na ungo, anachambua dagaa: vichwa pembeni, mchanga unapepetwa, kisha anawaosha kwa maji ya uvuguvugu. Mimi nabandika mawese. Mawese yana adabu yake. Yakiwa bado na maji yanatoa povu na kurukaruka, kwa hiyo unasubiri povu litulie ndipo utie kitunguu. Ukiyaacha yaungue, ule wekundu unapotea na ladha inapotea nao. Katika kusubiri povu hilo ndipo tunapoongea: ada ya mtoto, mchango wa msiba, fundi aliyetukimbia na hela yetu. Mambo ambayo tukikaa rasmi kuyajadili tunaishia kununiana, hapo yanapita vizuri, mikono ikiwa na kazi.

Ugali wa muhogo ndio hasa unaotaka watu wawili. Ukishaanza kukaza unavuta mwiko na sufuria pamoja, mmoja ashike, mwingine asonge. Kwetu anayesonga ni yeye, ana mabega ya kazi hiyo.

Najua maneno ya mtaani. Mwanamume akionekana anapuliza jiko la mkaa uani, watasema amelishwa limbwata. Yamesemwa na kwetu, hata na watu wa ukoo. Mama mkwe wangu ndiye aliyeyakata. Alisema mwanawe alilelewa akila, basi ajue na chakula kinavyotoka. Namshukuru mama huyo mpaka leo.

Lakini dada zangu, na sisi tuna lawama. Mume akiingia jikoni tunamcheka anavyokata kitunguu, tunamwambia anachafua, tunamtoa. Halafu kesho tunalalamika hatusaidii. Na neno hilo kusaidia silipendi, kwa sababu anayekula hapo hamsaidii mtu, anafanya kazi ya nyumba yake. Kwa wanaotaka kuanza, ushauri wangu ni mmoja: aanzie sokoni, si jikoni. Anunue mwenyewe kopo la dagaa na chupa ya mawese, aulize bei, apunguziwe au akataliwe. Akirudi, mpe ungo. Na ugali wake ukitoka na mabonge, uleni hivyohivyo, usimnyang'anye mwiko.

Mama Asha, Ujiji, Kigoma