Jibu: Montecatini Terme kuna cha kuona kwa asiyetaka kuoga?

Mkuu, umeuliza kama inafaa kushuka Montecatini, mji wa chemchemi za maji ya tiba huko Toscana, Italia, ukiwa njiani kwa treni kutoka Firenze kwenda Lucca, na wewe habari za kuoga huna. Shuka tu. Maji ya pale sifa yake kubwa ni kunywewa!

Anza na Terme Tettuccio, jengo maarufu la kunywea maji ya chemchemi. Chanzo chake ni enzi za Pietro Leopoldo, mtawala wa Toscana wa karne ya 18, lakini fahari unayoiona leo ni ya msanifu Ugo Giovannozzi, miaka ya 1920: nguzo ndefu, ua mpana, na ukumbi wa kunywea maji wenye kaunta za marumaru na picha za vigae za Basilio Cascella. Watu walikuwa wanatembea na glasi mkononi huku bendi ikipiga muziki. Hapo usiende mbio. Ila uliza kwanza kama pako wazi.

Jengo la manispaa watalii wengi hulipita, na mimi naona wanakosa: ndani kuna kazi ya msanii Galileo Chini, na kuingia ni bure.

Kisha panda kigari cha reli cha mwaka 1898 hadi Montecatini Alto, mji wa zamani juu ya kilima. Majira ya baridi huwa hakifanyi kazi.

Verdi, mtunzi wa opera, alikuwa akija hapa kila kiangazi, na mbunifu wa mavazi Christian Dior alifia hapa mwaka 1957. Tangu 2021 mji umo kwenye orodha ya UNESCO. Nusu siku inatosha, isipokuwa ukinogewa na mgahawa wa kule juu.