Acha Pete, Sogeza Mwili: Lenzi ya f/1.9 Kwenye Midiamu Fomati

Wapiga picha wenzangu hapa Bagamoyo wakiiona kamera yangu huuliza swali lile lile: "Sasa hiyo lenzi haina otofokasi, kazi unafanyaje?" Nikiwajibu kwamba nafanya kwa miguu, wanacheka. Wacha nieleze. Otofokasi ni kamera kujitafutia yenyewe ukali wa picha; kwenye lenzi hii kazi hiyo ni ya mkono, kwa kuzungusha pete ya fokasi.

Bodi ya kamera ni Fujifilm GFX 50S, ile iliyotoka mwaka 2017, yenye sensa ya midiamu fomati, yaani kubwa kuliko ya fulufremu: milimita 43.8 kwa 32.9. Lenzi ni Mamiya Sekor C ya milimita 80, f/1.9 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga mwingi unaingia), iliyotengenezwa zamani kwa kamera za filamu za Mamiya 645. Nimeiunganisha kwa adapta ya chuma tupu, isiyopitisha umeme wowote. Fremu ya filamu ya 645 ni kubwa kuliko sensa hii, kwa hiyo pembe za picha haziwi nyeusi.

Kabla hujavunja kibubu, fanya hesabu moja. Ukitaka kuilinganisha lenzi iliyo kwenye GFX na ile ya fulufremu (sensa ya milimita 36 kwa 24), zidisha kwa 0.79. Milimita 80 f/1.9 inakuwa kama milimita 63 f/1.5. Maana yake, kama shida yako ni blaa ya nyuma tu, yaani ule ulaini wa vitu vilivyo nyuma ya mtu, nunua fulufremu na 85 f/1.4 yenye otofokasi, mambo yaishe. Mimi nimebaki na hii kwa sababu fremu yake ya nne kwa tatu inamkaa vizuri mtu aliyesimama mlangoni, kwa sababu napenda jinsi ngozi inavyotoka kwenye kivuli na kuingia kwenye mwanga taratibu bila kukatika, na kwa sababu bei yake haikaribii hata kidogo ile ya lenzi ya GF 80 f/1.7 ya Fujifilm wenyewe, iliyotoka 2021. Hiyo ya mwisho ndiyo sababu kubwa, nisijifanye msanii sana.

Sasa ugumu uko wapi? Ukimpiga mtu aliye mita moja na nusu kutoka kwako, yaani kama urefu wa kanga, kwa f/1.9, sehemu inayotoka kali kutoka mbele hadi nyuma ni sentimita nne na nusu hivi. Msogelee mpaka mita moja, inabaki kama mbili. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni zaidi ya kumi. Na hizo mbili ni za picha inayotazamwa ikiwa nzima. Ukikuza megapikseli 51 kwenye kompyuta, utaona kope ziko kali na mboni imeshaanza kulainika.

Mtu aliyesimama bila kuegemea kitu huyumba sentimita mbili tatu bila mwenyewe kujua. Wewe mwenye kamera nzito mkononi nawe unayumba. Kwa hiyo ukikaa unazungusha pete mbele, nyuma, mbele tena, mnakimbizana watu wawili. Pete izungushe mara moja tu, kuweka umbali wa fremu unayoitaka, halafu iache. Kuza picha kwenye dirisha la kuchungulia kwa kubonyeza gurudumu la nyuma, kisha inama mbele polepole kutoka kiunoni. Jicho likianza kuwa kali, fyatua, na uendelee kufyatua ukiwa bado unasogea. GFX 50S inapiga picha tatu kwa sekunde, si nyingi, lakini kwa mwendo huo mojawapo itaangukia kwenye mboni. Kiwiko cha kushoto kibane kwenye mbavu.

Anayepigwa naye mpe pa kuegemea. Mji Mkongwe wa Bagamoyo umejaa baraza na milango ya nakshi, na mabibi wanaokaa barazani jioni tayari wameegemea. Shikamoo kwanza, maongezi, kamera baadaye. Bibi akiegemeza mgongo mlangoni, nusu ya tatizo imeondoka, kwa sababu sasa anayeyumba ni mmoja, na huyo mmoja ni wewe.

Kitu kingine: usifokasi katikati ya fremu halafu ukageuza kamera ili kupanga picha. Kwa lenzi za kawaida hiyo ni tabia ya wengi na haina madhara makubwa. Hapa ukigeuza nyuzi 15 tu, kwa umbali ule wa mita moja na nusu, fokasi inahama kama sentimita tano. Yaani kosa la kugeuza limezidi unene wote uliokuwa nao. Panga picha kwanza, kisha hamisha kiboksi cha kukuzia kwa kile kijiti cha nyuma mpaka kikae juu ya jicho.

Pale ufukweni, karibu na soko la samaki, mafundi hukarabati mashua na ngalawa, na hapo ndipo utajua kama umeielewa lenzi hii. Fundi akichonga ubao kwa tezo, kichwa chake kinakwenda mbele na kurudi kwa kila pigo. Ukimfuata kwa pete utachelewa kila mara. Mimi huyatazama mapigo kadhaa bila kupiga. Kuna mahali kichwa kinafika na kusita kidogo, tezo ikiwa juu, kabla haijashuka. Natafuta kitu kisichotembea kilicho umbali sawa na hapo, aghalabu msumari au taruma la mashua, nafokasi juu yake, halafu mkono unatoka kabisa kwenye pete. Kinachobaki ni kungoja asite.

Wanaotia kalafati ni rahisi zaidi, kwa sababu wanafuata mshono wa mbao na unajua wanakoelekea. Pamba iliyolowekwa mafuta inasokomezwa kwenye ufa kwa patasi, nyundo inagonga kidogo kidogo, patasi inahamia mbele. Fokasi iweke kwenye mshono, kiganja kimoja mbele ya patasi, na uisubiri ifike. Hapo usihangaike na uso. Ncha ya patasi ikiwa kali na ile pamba ikionekana nyuzi zake, uso ukiwa laini nyuma, picha imejitosheleza. Mzee mmoja aliniona nimetulia muda mrefu akauliza, "Mwanangu, mbona hupigi?" Nikamwambia namsubiri afike pale. "Mimi nafika tu," akasema, "wewe ndiye unayehamahama." Nilikuwa nimeshasogea mara nyingi bila kujijua.

Kuhusu ule msaada wa fokasi unaopaka rangi kingo zilizo kali: uutumie kukufikisha karibu, usiuamini kwa jicho la mtu. Unachokitambua ni kingo zenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, si fokasi yenyewe. Kanga yenye maua na mlango wa nakshi vitawaka hata vikiwa nje ya fokasi kidogo, na wewe utadhani umepata. Ukiutumia, chagua rangi isiyo kwenye picha. Nyekundu juu ya kanga nyekundu ni kujisumbua.

Kisha ifunge lenzi kidogo! Najua, umeinunua kwa sababu ya f/1.9. Lakini kwa f/2.8 blaa bado ni nyingi kuliko unavyohitaji, unene wa sehemu kali unasogea kwenye sentimita saba kwa ule umbali wa kanga, na ule urujuani unaojitokeza kwenye kingo za kanzu nyeupe juani unapungua sana. Picha zangu nyingi za watu ni f/2.8. Fokasi ukiwa umeshaifunga hapo hapo, kwa sababu lenzi za zamani zenye mdomo mkubwa huhamisha fokasi kidogo ukifokasi ikiwa wazi halafu ukaifunga. Na ukienda Kaole kupiga magofu ya msikiti na makaburi, weka kamera kwenye stendi, f/8, tulia. Hapo f/1.9 haina kazi yoyote.

Jua la hapa nalo lina sheria zake. Mchana mweupe, ISO 100 (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga), f/16 inataka spidi ya shata ya sekunde 1/125. Ukifungua mpaka f/2 umeongeza hatua sita za mwanga, kila hatua ikiuzidisha mara mbili, kwa hiyo unahitaji 1/8000, na shata ya chuma (pazia la mbele ya sensa) ya GFX 50S inaishia 1/4000. Shata ya kielektroniki inafika 1/16000, lakini sensa yake inasoma taratibu. Chochote kinachotembea kinapinda, na tezo iliyonyooka inatoka kama mundu. Tumia filta ya ND8, inayoacha moja ya nane ya mwanga ipite, na utarudi kwenye 1/1000. Ukitaka kuongeza flashi juani, kamera hii haivuki 1/125, basi ni ND64. Au fanya kama mimi: mhamishe mtu kivulini, chini ya mwembe au ndani ya baraza, uokoe pesa ya filta. Kumbuka pia kwamba hapa kwetu jua linachomozea baharini. Asubuhi, ukitazama vyombo majini unatazama jua, na lenzi ya umri huu ikipigwa na mwanga wa mbele picha inafifia kama imemwagiwa maziwa. Hudi, kile kikinga jua cha mbele ya lenzi, ni lazima, na kiganja juu ya hudi kikibidi.

Ndani ukumbini mambo hugeuka. Kwenye ngoma za usiku, kama zile za TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, taa ni chache na hapo ndipo naifungua mpaka mwisho bila aibu, ISO 3200. Mpiga ngoma simfuati usoni. Nafokasi kwenye ukingo wa ngozi ya ngoma, maana mikono itarudi pale tu.

Ukishawishika kununua, kuna mambo ya kukagua. Kwanza, kwenye menyu ya kamera washa ule mpangilio unaoruhusu kupiga bila lenzi. Lenzi hii haizungumzi na bodi, na usipouwasha shata haifyatuki. Pili, pembeni mwa lenzi hizi za Mamiya kuna kiswichi chenye A na M. Kiwe M, la sivyo utazungusha f mpaka uchoke na tundu halifungi. Tatu, adapta nyingi hutengenezwa nyembamba kidogo makusudi, ili lenzi ifike mbali bila kukwama. Matokeo yake, ukizungusha pete mpaka mwisho unapita ule umbali wa mbali kabisa. Jahazi lililo upeo wa macho nalo lifokasi kwa kulikuza, usigonge mwisho wa pete ukaamini.

Nne, na hili ni letu watu wa pwani: mulika tochi ndani ya lenzi kabla hujalipa. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando ni fangasi, na kwenye unyevu wa hapa hawapungui, wanaongezeka. Ukishainunua, usiilaze kwenye begi la kitambaa. Iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika jeli, na pakiti hizo zibadilishwe au zikaushwe zikishiba unyevu. Mchele usiweke, una vumbi. Ukitoka ufukweni, hasa wakati wa kusi, futa bodi na pete kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu, ndipo ukiguse kioo. Chumvi ikiingia kwenye uzi wa pete ya fokasi, inaanza kukwaruza, na pete inayokwaruza hata ule mzunguko mmoja nilioutaja utakushinda.