Kupima fosfeti kwa mng'ao: maswali yenu

Bluu ya molibdenamu ya Murphy na Riley, njia ya kupima fosfeti kwa kuifanya itoe rangi ya bluu, inatumika tangu 1962. Kuna haja gani ya kuhangaika na mng'ao, yaani mwanga ambao kitu hutoa kikimulikwa?

Kwa maji ya mto yaliyochujwa, hakuna haja sana. Ila bluu ile inahitaji asidi kali, na asidi huvunja fosfeti za kikaboni zilizo dhaifu, hivyo unahesabu hata zile ambazo hazikuwa huru. Mng'ao hupimwa kwenye pH inayokaribia 7, kwa sampuli ndogo, na unaweza kufuatilia kimeng'enya kikiachia fosfeti papo hapo. Protini ya bakteria E. coli inayoshika fosfeti, iliyobandikwa rangi ya kumarini iitwayo MDCC, inafanya kazi hiyo tangu 1994: unamulika kwa mwanga wa karibu na nm (nanomita) 425, unasoma karibu na nm 465.

Nimetengeneza sensa kwa kuchanganya nukta za kaboni (chembe ndogo mno zinazong'aa) na metali ya yuropiamu. Nikiongeza fosfeti, namba ya mng'ao haipandi hata kidogo.

Umetumia bafa gani, yaani myeyusho wa kushikilia pH? Kama ni PBS, bafa ya chumvi na fosfeti, ndani yake mna fosfeti yapata milimoli 10 kwa lita. Yuropiamu imeshanyakuliwa kabla hujaanza. Utaratibu ni huu: yuropiamu hushika kaboksili (vikundi vya asidi) zilizo juu ya nukta na mwanga hufifia, fosfeti ikija huivuta, mwanga hurudi. Basi angalia hatua ya kwanza. Ikiwa namba haikushuka ulipotia yuropiamu, usiendelee. Rudia kwa HEPES au Tris, bafa zisizo na fosfeti, pH 7.4.

Ikishuka vizuri lakini mchoro wako wa mwanga dhidi ya fosfeti ukaanza bapa kabla ya kupanda, umezidisha yuropiamu. Ile iliyobaki huru inameza fosfeti ya kwanza bila nukta hata moja kuwaka. Ongeza yuropiamu kidogo kidogo, koma mwanga ukishapungua kwa takriban asilimia 80.

Na vyombo? Sabuni nyingine zina fosfeti. Loweka vioo kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 10, suuza kwa maji yaliyoondolewa ioni, na seti hiyo isirudi kwenye sinki la kawaida.

Mkojo niuzimue mara ngapi?

Mkojo wa mtu mzima mara nyingi una milimoli 10 hadi 40 kwa lita, ilhali mchoro wa sensa nyingi za aina hii hunyooka kwenye kiwango cha mikromoli tu. Anza na mara 2000: mikrolita 10 za mkojo kwenye 990 za maji, kisha 50 za hapo kwenye 950 za myeyusho wa sensa. Kuzimua kiasi hicho kunapunguza pia sitrati, ambayo nayo hung'ang'ania yuropiamu, pamoja na mng'ao wa mkojo wenyewe.

Usitegemee mchoro wa viwango vilivyotengenezwa kwa maji matupu. Andaa mirija mitatu ya mkojo uliozimuliwa vivyo hivyo; mmoja uache, wa pili utie mikrolita 5 za KH₂PO₄ ya milimoli 1 kwa lita (gramu 0.136 kwenye lita moja), wa tatu 10. Tuseme baada ya kutoa namba ya sensa bila mkojo umepata 240, 360 na 480. Kila mikromoli inaleta 24, kwa hiyo mrija wa kwanza una 10; zidisha kwa 2000, ni milimoli 20 kwa lita.

Mkojo ukiwa na ukungu, tia asidi hadi chini ya pH 3 ili fosfeti iliyoganda iyeyuke, kisha rudisha pH kabla ya kupima.

Damu niikusanye kwenye mrija upi?

Usio na dawa ya kuzuia damu kuganda, au wenye dawa ya heparini ya lithiamu. Dawa nyingine za mirija, EDTA na sitrati, hukamata yuropiamu, nawe utasoma fosfeti isiyokuwepo. Tenganisha seramu (majimaji ya damu bila seli) mapema. Iliyo nyekundu itupe: seli zilizopasuka zimemwaga fosfeti, na hemoglobini inameza mwanga karibu na nm 415. Makosa mawili yanayovutana, huwezi kuyasahihisha kwa hesabu. Kwa mtu mzima tarajia milimoli 0.8 hadi 1.5 kwa lita.

Kisima kimoja: maabara inasema 0.05 mg/L, mimi napata 0.15. Nani kakosea?

Huenda hakuna. Wao wameandika fosforasi, wewe fosfeti. Gawanya yako kwa 3.07.