Maswali na Majibu: Wadudu wa Chakula Wakitoroka

Kopo la nyenje wa kulishia liliniponyoka nikiwa nalisha geko wangu, mjusi ninayemfuga. Wengi niliwadaka, ila mmoja kajificha nyuma ya friji na anaimba usiku kucha. Mke wangu anasema tuchague, nyenje au yeye. Watazaana humu ndani?

Mpe shemeji pole, na umwambie anayeimba ni dume. Anasugua mabawa yake akiita jike, na dume hatagi. Wa kuogopwa ni jike, naye utamjua kwa kitu kama sindano ndefu kinachotokeza nyuma, katikati ya vimkia viwili. Hiyo sindano huichomeka kwenye udongo wenye unyevu na kutaga humo. Kwa hiyo kagua vyungu vya maua vilivyo ndani kabla ya kuhangaika na kabati. Asipopata unyevu, nyenje hafiki mbali, na hata akiupata, aliyekwisha kukomaa maisha yake ni ya wiki chache tu.

Kachagua nyuma ya friji kwa sababu kuna joto, na friji nyingi zina kile kitrei cha chini kinachokusanya maji. Kimwage, ukikaushe. Kisha chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia kipande cha karoti ndani, na uegemeze kipande cha boksi nje ili apate pa kupandia. Akishaingia, kuta laini zitamshinda kutoka. Trei ya mayai nayo inafaa: ilaze sakafuni kando ya ukuta usiku, alfajiri iinue taratibu na uikung'utie ndani ya ndoo.

Ukimfuata kwa sauti atanyamaza. Zima taa, simama, subiri aanze tena. Mkiwa wawili, kila mtu asikilize akiwa pembe yake, mtampata upesi zaidi.

Si nipulize dawa tu yaishe?

Hapana. Mdudu aliyepata dawa hafi papo hapo, hutambaa akiyumbayumba, na mjusi hupenda kinachotikisika. Akimla, amekula na sumu. Tena ukungu wa dawa hutua popote. Kinyonga hanywi kwenye bakuli, hulamba matone majanini, na majani hayo ndiyo yatakayokuwa yamepata dawa. Kwa sababu hiyohiyo usimlishe mende uliyemkuta jikoni, maana hujui amepita wapi.

Mtego wa gundi utumie tu ikiwa mnyama wako hatembei nje ya kizimba. Mjusi akinasa, usimvute, utabaki na mkia au ngozi mkononi. Mpake mafuta ya kupikia kidogokidogo hadi gundi iachie.

Mende wawili wa dubia wamepotea. Nimeshajiletea balaa?

Mara nyingi, hapana. Mende huyu, Blaptica dubia, asili yake Amerika ya Kusini. Hapandi kioo wala plastiki laini, na jike ana vibawa vifupi visivyomrusha. Ili wazaane wanataka joto, zaidi ya nyuzi 25 hivi, pamoja na unyevu, na watoto wao huchukua miezi kadhaa kukomaa. Nyumba kavu yenye ubaridi haiwafai. Ila kama kwako ni joto na unyevu mwaka mzima, watafute kwa bidii, hasa aliyepotea akiwa jike, kwa kuwa huzaa watoto hai.

Wanaonitia wasiwasi mimi ni wale mende wekundu wepesi wa Turkestan, wanaouzwa pia kama chakula cha mijusi. Hao walionekana California mwaka 1978, na leo wametapakaa kusini-magharibi mwa Marekani. Kama bado hujanunua, chagua dubia.

Funza wa unga wakimwagika je?

Zoa. Aliyekuponyoka atageuka mbawakawa mweusi, naye atatafuta unga na nafaka. Weka vyako kwenye makopo yenye vifuniko.

Nyenje aliyebaki ndani ya kizimba si atanaswa tu na mjusi baadaye?

Huenda mambo yakawa kinyume. Nyenje mwenye njaa humtafuna mjusi aliyelala, akianzia vidole na kope. Mpe mjusi wanaomtosha kwa dakika kumi na tano, watoe waliobaki, na ukishuku kuna aliyejificha, muachie kipande cha karoti usiku huo atafune hicho.

Kuna namna ya kuwazuia wasitoroke kabisa?

Wengi hutoroka kopo linapofunguliwa. Liweke kwenye friji dakika chache wapoe na kuzubaa, kisha lifungulie ndani ya beseni kubwa lenye kuta ndefu na laini. Watakaoruka wataangukia humo. Kwenye pipa la kuwafugia, paka mafuta ya mgando kuzunguka ndani karibu na mdomo, na tundu la hewa lizibe kwa wavu wa chuma, kwa maana ule wa plastiki nyenje huutoboa kwa meno.