Sosi yangu imekatika, nitie magadi soda?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeacha maziwa ya ng'ombe kwa sababu ya tumbo, sasa napikia maziwa ya soya. Juzi nilipika sosi ya uyoga, nikakamulia ndimu, nikamimina maziwa ya paketi. Yakakatika yote, mabonge huku, maji huku. Nikajua ni feki, nikamwaga. Shoga yangu akaniambia niwe natia magadi soda kidogo. Nikaona bora nitengeneze mwenyewe: naloweka soya, nasaga, nachuja, nachemsha hadi povu lipande, naepua. Nayo yanakatika vilevile, na keki zangu zinatoka nyeupe kama hazijaiva. Nakosea wapi?

JIBU: Dada, hukuuziwa feki, na ile sosi uliyoimwaga ilikuwa inalika. Sura tu ndiyo ilikuwa mbaya.

Barua za namna hii nazipata kila mara, na nyingi chanzo chake ni lile neno "maziwa". Kwenye nazi Kiswahili kilitumia akili zaidi. Aliyeikuna na kuikamua hakusema amepata maziwa, alisema amepata tui, na kila mpishi anajua tui lina adabu zake: usipolikoroga linakatika. Laiti na hili lingeitwa tui la soya, ningepumzika. Unachomimina kwenye sosi ni punje za jamii ya maharage zilizosagwa na kukamuliwa. Kwa wingi wa protini yanakaribiana na ya ng'ombe, gramu 3 na kitu kwa mililita 100, lakini ni protini nyingine na tabia zake ni nyingine.

Protini ya soya huelea kwa sababu chembe zake zinasukumana. Ndimu inaondoa kule kusukumana. Uchachu ukifika pH 4.5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi), zinashikana na kuzama. Maziwa ya ng'ombe nayo hukatika karibu na hapohapo, ila soya ikiwa ya moto haingoji kufika huko. Wewe uliyamimina kwenye sosi inayotokota ambayo ndimu imeshaingia. Kisha kuna hili: paketi nyingi zimeongezwa kalsiamu, ambayo hutuama kitakoni, ndiyo maana zimeandikwa "tikisa kwanza". Ikikutana na ndimu inayeyuka, na kalsiamu iliyoyeyuka hugandisha soya. Watengenezaji wa tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, hutia jasi, ambayo ina kalsiamu hiyohiyo, kwa makusudi kabisa. Kwa hiyo siku ile ulitengeneza tofu ya uyoga bila kujua.

Kinachotakiwa ni kubadili mpangilio. Kaanga uyoga, nyunyizia kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano kwa kila kikombe cha maziwa utakachotia, koroga hadi harufu ya unga mbichi iishe, ongeza maji kidogo iwe rojo. Punguza moto. Usimimine maziwa ya baridi kwenye sufuria inayotokota. Chota rojo la moto miiko miwili mitatu, litie kwenye bakuli la maziwa huku unakoroga, ndipo urudishe yote sufuriani. Wanga wa unga unakaa katikati ya chembe za protini, zinashindwa kushikana. Ikishakuwa nzito, epua. Ndimu inaingia baada ya kuepua, kwa matone, sahani zikiwa tayari mezani. Ukiirudisha motoni baada ya hapo, usiniandikie tena.

Sasa magadi. Yanazuia kukatika, sikatai, kwa sababu yanaua uchachu. Yaani unakamua ndimu, halafu unatia kitu cha kuifuta ndimu, halafu unakula sosi yenye ladha ya sabuni. Si bora usingekamua? Tena magadi yakikutana na moto yanaharibu vitamini B1. Nimechoshwa na ushauri huu: maharage hayaivi, magadi, mboga imefifia rangi, magadi, maziwa yamekatika, magadi. Kwa soya yana mahali pamoja tu, kwenye maji ya kuloweka, kijiko cha chai kimoja kwa lita 1, ili kupunguza ile harufu ya maharage mabichi. Kisha maji hayo yanamwagwa na soya inasuuzwa.

Keki ni jambo dogo. Rangi ya kahawia hutokana na baadhi ya sukari kuungana na protini kwenye joto la oveni, na maziwa ya ng'ombe yana laktosi, yaani sukari ya maziwa, gramu 5 hivi kwa mililita 100, hiyohiyo ambayo pengine ndiyo ilikuwa inakusumbua tumbo. Soya haina laktosi kabisa. Tia kijiko cha asali kwenye mchanganyiko na rangi itarudi. Kama keki imeiva au la, ulizia kijiti, usiulize rangi.

Ningeishia hapo, ila kuna maneno yako yamenishtua: "nachemsha hadi povu lipande, naepua."

Povu lile si kuchemka. Soya ina saponini, na jina hilo limetoka kwenye neno la Kilatini la sabuni, kwa sababu inatoa povu kama sabuni. Povu hilo linapanda joto likiwa bado nyuzi 80 na kitu. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuzima jiko akiwa na uhakika amemaliza, nikampa kipimajoto. Povu limefika ukingoni, jeupe, zito kama la kunyolea ndevu, na kipimajoto kinasoma 84. Alikuwa na sufuria nzima ya soya mbichi.

Na soya mbichi ina kitu kinachoizuia tripsini, ambayo ni kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho ili kumeng'enya protini. Ukiinywa bila kuiva unaweza kupata kichefuchefu, kutapika, tumbo la kukata na kuhara, kisha unatangaza kwamba soya haikupatani. Povu likipanda, punguza moto, likoroge lishuke, halafu acha yachemke kwelikweli, viputo vikubwa vikipasuka kutoka chini, dakika 10 za saa. Sufuria ijazwe nusu tu, na mwiko uwe unakwangua kitako maana yanaungua upesi.

Wale wa kwenye video, wa "saga, chuja, kunywa, moto unaua virutubisho", wanadhani wanajua, kumbe hawajui. Protini ya soya mwili huifaidi zaidi ikiwa imeiva. Hakuna hata mmoja wao anayetafuna maharage mabichi ili apate virutubisho, ila haya kwa kuwa yanaitwa maziwa basi wanayanywa hivyohivyo. Kibaya zaidi, wengine wanawaambia wazazi wampe mtoto mchanga. Soya ya kusaga nyumbani, hata ikiiva vizuri namna gani, haichukui nafasi ya maziwa ya mama wala ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa mtoto ambaye hajafika mwaka 1. Haina mafuta, kalsiamu na vitamini kwa kiwango anachohitaji. Maziwa ya kopo ya watoto yaliyotengenezwa kwa soya ni kitu kingine, yameongezwa hivyo vyote, na bado huanzwa kwa ushauri wa daktari. Na mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe asihamishiwe soya kwa kubahatisha, wapo wanaodhurika na vyote viwili.

Kama kwenye friji kuna uliyotengeneza jana au leo na hayajachacha, yarudishe jikoni yachemke dakika 10 kabla hujayagusa tena. Ya zamani zaidi ya hapo, hayo ndiyo ya kumwaga.