Simu Waliikwapua Buguruni, Laini Ndiyo Iliyoniumiza

Daladala ilikuwa imesimama kwenye foleni ya Buguruni, Dar es Salaam, jua limeshazama, nami nimekaa dirishani nasoma ujumbe wa mdogo wangu. Mkono ukaingia, simu ikaenda. Hata kupiga kelele sikuwahi. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu na ndoo ya samaki alinishika bega, akaniambia, "Pole mwanangu, shukuru hukuumia."

Nilifika nyumbani nikalia. Nilikuwa nimeidunduliza simu ile miezi mitano. Nililala nikiwaza nitapata wapi nyingine, na asubuhi, mnamo saa nne, ndipo nilipokwenda dukani kurudisha laini yangu. Nilipoiwasha, salio la akaunti yangu ya pesa kwenye simu lilikuwa shilingi 214. Jana yake niliacha zaidi ya laki tatu. Kabla sijamaliza kushangaa, mama mdogo akanipigia kutoka Korogwe: "Mwanangu, ile themanini umeipata? Mgonjwa anaendeleaje?"

Mgonjwa hakuwepo.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile nimekutana na watu wengi sana walioibiwa simu, na karibu wote walifanya kama mimi: waliililia simu, wakaisahau laini. Simu ni chombo, kinanunuliwa kingine. Laini ndiyo wewe. Imesajiliwa kwa kidole chako, ina pesa zako, ndiyo inayopokea namba za kuthibitisha za benki na WhatsApp, na ndugu zako wakiona namba ile hawaulizi nani anaandika. Aliyeshika laini yako ameshika jina lako.

Baadaye nilikaa na kijana wa dukani, mvumilivu kweli, tukafuatilia hatua kwa hatua alichofanya yule mwizi. Hakuhitaji utaalamu wowote. Simu yangu ilikuwa imefungwa kwa mchoro, hakuugusa. Alichomoa laini, akaiweka kwenye simu yake. Laini haikuwa na PIN, kwa hiyo ikawaka kama kawaida. Ndani ya kava nilikuwa nimechomeka kitambulisho changu cha taifa, kile cha NIDA, nikiamini hapo ndipo salama. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Namba yangu ya siri ya kutolea pesa ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Sina haja ya kueleza zaidi.

Kisha akafungua WhatsApp kwa namba yangu. WhatsApp ikatuma tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, ujumbe ukaingia kwenye laini aliyonayo mkononi, akaziandika, akaingia. Mazungumzo yangu ya zamani hakuyaona, lakini makundi yote yalimtokea, likiwemo kundi la ukoo wetu. Humo ndimo alimomkuta mama mdogo.

Sasa nikueleze nilichobadilisha, nikianza na kile ambacho karibu hakuna anayekifanya: PIN ya laini. Hii si ile ya kufungulia simu, wala si ile ya pesa. Ni namba ambayo laini yenyewe inaidai kila simu inapozimwa na kuwashwa, au laini inapohamishiwa kwenye simu nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya usalama, humo kuna kipengele cha kufunga SIM kadi. Kwa kitochi kipo pia. Itakuuliza PIN ya awali, ile iliyochapishwa kwenye kile kikadi kikubwa ulichobandulia laini ukiwa dukani. Kama umekitupa, usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai namba ndefu iitwayo PUK, na PUK yenyewe ukiikosea mara kumi laini imekufa moja kwa moja. Waulize huduma kwa wateja wakupe PIN ya awali, kisha uibadilishe uweke yako. Mwizi angekutana na mlango huo, ningelala na laki tatu zangu.

Namba za siri nazo: usitumie mwaka wa kuzaliwa, wako wala wa mtoto, usitumie 1234, usitumie tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu. Na ile ya kufungulia simu isifanane na ya pesa, kwa sababu ya kufungulia simu watoto wanaijua, fundi anaijua, na kwenye daladala jirani yako anakuona ukiipiga.

Kwenye WhatsApp, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Utaweka tarakimu sita zako mwenyewe. Hapo hata mtu akipata zile zinazotumwa kwa ujumbe, bado atadaiwa za kwako. Ni kazi ya dakika mbili. Na zile zinazotumwa kwa ujumbe usimsomee mtu yeyote, hata akiwa ni rafiki yako wa shule anayesema "nimekosea, zimekuja kwako, hebu nitumie." Mara nyingi rafiki huyo tayari ameshaporwa akaunti, anayeandika ni mwingine.

Jambo jingine dogo: kioo kikiwa kimefungwa, je, ujumbe unaoingia unasomeka? Simu nyingi zinauonyesha wote. Maana yake mwizi hahitaji kufungua simu, anasubiri tu namba ya kuthibitisha ijitokeze juu ya kioo. Kwenye mipangilio ya arifa chagua kuficha maudhui simu ikiwa imefungwa.

Na siku ikiibiwa, mbio za kwanza ziwe za kufunga laini. Usiende polisi kwanza, usiende kulala kama mimi. Omba simu ya mtu mwenye mtandao kama wako, piga 100, waambie waifunge laini na akaunti ya pesa. Kisha wapigie benki kama umeunganisha. Mpigie ndugu mmoja atangaze kwenye kundi: namba ya fulani imeibiwa, asiitikiwe mtu. Hayo yote yanawezekana ukiwa bado umesimama kituoni. Baada ya hapo ndipo uende na kitambulisho dukani kurudisha laini, na polisi kuchukua ripoti ya upotevu. Polisi watataka IMEI, tarakimu 15 za simu yenyewe. Bonyeza *#06# leo, zitatokea zenyewe bila kupiga, ziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Mimi sikuwa nazo.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Korogwe kumrudishia mama mdogo pesa yake, na kwa mama yangu nikakaa siku nne. Mama alikuwa amenunuliwa simu ya kupangusa na kaka, ila ilikuwa inamtisha. Alikuwa akiishika kwa ncha za vidole kama yai. Nilichojifunza kwa kumfundisha ni kwamba mzazi akikwambia "sijui simu," mara nyingi maana yake ni "sioni." Nilipoyakuza maandishi kwenye mipangilio mpaka yakajaza kioo, nusu ya maswali yake yaliisha hapohapo. Nikaiweka lugha iwe Kiswahili. Nikaondoa kwenye kioo cha mbele kila kitu asichokitumia, nikabakiza kupiga, ujumbe, WhatsApp, tochi, kamera. Majina nikayahifadhi kwenye akaunti yake ya barua pepe badala ya kwenye simu, ili hata simu ikipotea namba za watu zirudi. Barua pepe hiyo na nenosiri lake tuliviandika kwenye daftari lake la kikoba, ukurasa wa mwisho.

Na nikamzuia kuichaji chini ya mto. Betri ikipata joto bila pa kupumua huharibika, na ukiona mgongo wa simu umeanza kuinuka au kioo kinaachia pembeni, betri imevimba. Isichajiwe tena, isibonyezwe kuirudisha, ipelekwe kwa fundi. Ukienda kwa fundi, kwa tatizo lolote, chomoa laini uondoke nayo.

Siku ya pili tukiwa uani anachambua mchicha, ujumbe ukaingia. Akanisomea: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine haipatikani." Mama alikuwa kweli anadaiwa shilingi 20,000 za mahindi. Nilimwona akiiangalia namba, akiamini. Ujumbe huu haumjui mtu, unatumwa kwa maelfu, na kwa sababu sisi sote daima tuna mtu tunayemdai au anayetudai, unampata tu mwenye ile hela. Nikamwambia, mama, mpigie mwenye mahindi kwa namba unayoijua. Akapiga. Mwenye mahindi hakuwa ametuma chochote. Tukausambaza ujumbe ule kwenda 15040, namba ya kuripotia utapeli, wakajibu wakiomba namba ya aliyeutuma, tukaiandika.

Kuna ndugu wa ujumbe huo ambaye ni hatari zaidi. Unaingia ujumbe unaosema umepokea 150,000, umeandikwa vilevile kama wa mtandao, kisha mtu anakupigia analia, amekosea namba, mtoto yuko hospitali, mrudishie. Nilimwekea mama ujumbe wa kweli na wa uongo pembeni kwa pembeni. Wa kweli juu yake pameandikwa jina la huduma. Wa uongo juu yake pana namba ya mtu. Lakini hata hilo la jina nilimwambia asilitegemee sana. Ategemee salio. Afungue menyu mwenyewe, aangalie salio. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia, hata mtu alie namna gani. Na kama imeingia kweli kimakosa, asiitume kwa mkono wake. Amwambie aliyekosea apige huduma kwa wateja wake, muamala urudishwe na mtandao.

Anayejiita wa huduma kwa wateja, tazama namba yake. Mitandao ya Tanzania huwapigia wateja kwa 100. Akipiga mtu kwa 07 au 06 akakwambia laini yako inafungwa leo, kata. Usibonyeze chochote anachokutajia, hasa kinachoanza na nyota na 21 kikifuatiwa na namba ya simu. Hiyo ni amri ya kuhamisha simu zako ziingie kwake, ili benki au WhatsApp wakikupigia kukusomea namba ya kuthibitisha, apokee yeye. Ukiwa na wasiwasi kwamba ulishawahi kubonyeza, piga *#21# uone kama simu zako zinahamishwa, na ##002# inafuta uhamisho wote. Haidhuru kitu kujaribu.

Siku ya tatu ndiyo tulipiga *106#, nikitaka kumwonyesha tu kwamba laini yake imesajiliwa sawasawa. Humo unaweza kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mama ana laini mbili. Zikatokea tatu.

Alikaa kimya akifikiri. Kisha akakumbuka: mwaka jana kijana mmoja alipita mtaani na mwavuli na kile kimashine cha vidole, akamsajilia laini ya pili. "Aliniambia, mama kidole hakijasoma, weka tena. Nikaweka. Akasema, bado, weka tena." Mama ni mkulima, vidole vyake vimechakaa kwa jembe, kwa hiyo hakuona ajabu kutosomeka. Kumbe kilisoma kila mara. Laini ya tatu ilikuwa mikononi mwa mtu tusiyemjua, kwa jina la mama yangu, na kama ingetumika kumtapeli mtu, askari wangebisha hodi pale uani.

Sijawahi kuona hasira ya mama ya namna ile, ya kimya. Kama unasajili laini, nenda kwenye duka lenye mlango, na kidole kikidaiwa mara ya pili, omba uone kioo cha ile mashine kinasema nini. Na *106# ipige hata kama huna mashaka yoyote.

Kesho yake tulipanda bodaboda mpaka mjini. Mhudumu wa dukani akamwomba kitambulisho, mama akaweka kidole, safari hii akiwa ameinamia kioo na kusoma kila neno kabla ya kukiinua. Ile namba ikaondolewa kwenye jina lake. Tulipotoka nje akasimama kivulini, akatoa simu kwenye mkoba, akapiga *106# mwenyewe bila kuniuliza. Zikatokea mbili. Akafungua daftari la kikoba, akaziandika zote mbili chini ya IMEI, akapiga mstari.