Kuweka maandishi katikati kwenye Markdown
Ndugu, hujakosea popote. Umeuliza alama ya kuweka aya katikati kwenye Markdown (njia ya kupanga maandishi kwa alama nyepesi kama nyota na vistari), na ukweli ni kwamba haipo. John Gruber alipoitoa Markdown mwaka 2004 hakuiwekea alama hiyo kabisa; mambo ya mpangilio aliyaachia HTML na CSS, lugha za kujenga na kupamba kurasa za wavuti.

Majedwali ndiyo yamepata nafuu, tena kwenye matoleo ya Markdown yaliyoongezewa majedwali, kama la GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu). Kwenye mstari wa vistari chini ya vichwa, weka nukta pacha: `:---:` ni katikati, `---:` ni kulia. Safu za bei au hesabu zipeleke kulia, macho yatakushukuru.

Kwa aya au picha ndani ya README ya GitHub (faili la maelezo ya mradi), zungushia lebo za HTML `<div align="center">` na `</div>`. Acha mstari mtupu baada ya lebo ya kufungulia, la sivyo nyota zako za wino mzito (`**`) zitabaki nyota (mimi hilo lilinila jioni nzima). Usihangaike na sifa ya `style` ndani ya lebo, GitHub huifuta.

Ukihitaji mpangilio mara kwa mara, hamia AsciiDoc, lugha nyingine ya aina hii: andika `[.text-center]` juu ya aya. Textile, nayo ya aina hiyo, hutumia `p=.` tu mwanzoni mwa aya, fupi kuliko zote.